Kutunga Karata za Majira ya Baridi Nikiwa Tanga

Desemba, Ulaya inapoingia katika theluji, sisi wa Tanga huwa ndani ya joto la kaskazi, na ni katika joto hilo nilipoanza kutunga karata za majira ya baridi kwa ajili ya mchezo wa Dominion. Mchezo huu wa Donald X. Vaccarino, uliotoka mwaka 2008 na kushinda tuzo ya Spiel des Jahres ya Ujerumani mwaka 2009, humwanzisha kila mchezaji na karata kumi dhaifu, saba za shaba, ambazo ni sarafu za kununulia, na tatu za shamba, zenye alama za ushindi tu, naye hununua karata bora ambazo huingia katika pakiti yake mwenyewe, huchangwa, na kumrudia mkononi tano tano.

Kuchukua karata iliyopo, kuichorea theluji na kuibadilisha jina, kwangu si utunzi. Baridi sharti isikike katika kanuni. Barafu huchelewesha bila kuangamiza; kwa hiyo karata yangu ya Barafu haimlazimishi mpinzani kutupa karata hadi abaki na tatu, kama ifanyavyo karata ya asili iitwayo Mgambo, bali humtaka kila mwenye karata tano au zaidi agandishe moja, yaani ailaze kifudifudi mbele yake.

Ugumu ulikuwa kuamua inayeyuka lini na inakwenda wapi. Ikirudi mkononi zamu inayofuata, mpinzani atagandisha karata yake ya fedha, yenye sarafu nyingi kuliko ya shaba, kisha atacheza na karata sita badala ya tano na huenda akafikisha sarafu nane za kununulia Jimbo lenye alama sita, na shambulio likawa zawadi. Ikiwekwa juu ya pakiti papo hapo, mwenye Mhunzi, karata inayomwokotesha mtu tatu, ataiokota tena kana kwamba hapakuwa na baridi. Kwa hiyo nimeandika kwamba ikae kando mpaka mwisho wa zamu ya mwenyewe, ndipo iwekwe juu ya pakiti kabla hajaokota tano mpya: akigandisha shamba, litamjia tena na kula nafasi ya karata nzuri, akigandisha fedha, atapungukiwa sasa hivi. Binamu yangu, ambaye kwenye baraza la Ngamiani hupiga turufu bila kufikiri, alizishika karata zake tano, akavuta shamba, akalirudisha, akavuta fedha, mpaka wenzake wakaanza kumhimiza.

Bei nimeiweka sarafu tatu, kwa kuwa Mgambo wa sarafu nne humbana mtu zaidi, na zote mbili humpa mchezaji sarafu mbili za kutumia.

Picha ni za ukungu wa Lushoto mwezi Julai, watu wakiwa ndani ya makoti; misonobari yenye theluji wameshaichora wengine. Nilichapisha steshenari kwenye karatasi ya manila, nikaingiza karata zote, zangu na za asili, katika plastiki zenye mgongo mmoja, maana karata inayotambulika kwa nyuma huharibu mchezo wote, na unyevu wa pwani hukunja manila upesi.

Iliyobaki ni Ghala, inayomruhusu mchezaji kujiwekea karata mbili kwa zamu ijayo. Kwa sarafu nne kila mtu anaikimbilia, kwa tano haiguswi, na sasa najaribu kuiacha nne lakini ihifadhi karata za fedha na shaba tu.