Picha za Zamani na Yai la Kuchemsha

Napenda picha za zamani kwa sababu nyingi, na mojawapo ni kwamba watu waliomo wanakula kwelikweli. Steringi anakaa mezani, anamenya yai, anatia chumvi, anazungumza huku anatafuna, na kamera inamsubiri. Picha za siku hizi chakula kinaletwa, simu inalia, mtu anainuka hajaonja hata kijiko. Nilifundisha sayansikimu sekondari hadi nilipostaafu, kwa hiyo macho yangu huwahi kwenye sahani kabla hayajafika usoni kwa mwigizaji. Na sahani za picha zile zina mayai, tena mengi.

Kuna mahali katika It Happened One Night, picha ya mwaka 1934 iliyoongozwa na Frank Capra, ambapo huwa nawaomba wajukuu wanyamaze. Binti wa tajiri, Claudette Colbert, amemtoroka baba yake, na njiani amekutana na mwandishi wa habari aliyefukuzwa kazi, Clark Gable. Hela zinawaishia. Wamelala kwenye kibanda cha wasafiri kando ya barabara, kila mmoja kitanda chake, na katikati wametundika blanketi kwenye kamba kwa ajili ya heshima. Asubuhi Gable anapika. Anamwekea yai moja, donati moja na kahawa isiyo na maziwa, na kumwambia hicho ndicho chake mpaka mchana. Binti aliyelelewa na watumishi anafundishwa namna ya kuchovya donati. Marekani wakati ule ilikuwa kwenye mdororo mkubwa wa uchumi, na waliojaa kumbini walijua fika thamani ya yai moja. Hakuna anayebusu wala anayepigana, na bado tukio lile likiisha unajua hawa wawili wataishia pamoja. Picha hiyo ilichukua Oscar tano kubwa, za picha bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, mwigizaji wa kike na uandishi, na ilikuwa ya kwanza kuzibeba zote tano. Mimi ningempa ya sita yule aliyeamua yai liwe moja.

Maana yai moja lina mengi. Likishatolewa ganda lina uzito wa kama gramu 50, na ndani yake mna protini gramu 6 hivi kwa nishati isiyofika kalori 80. Protini yenyewe ni kamili: asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini, zote tisa ambazo mwili wa mtu mzima hauwezi kujitengenezea zimo. Wanafunzi wangu waliotoka nyumbani na chai ya rangi na andazi niliwajua bila kuwauliza. Ikifika saa nne vichwa viko juu ya madawati. Andazi ni wanga na mafuta, na njaa yake inarudi mapema. Weka yai pembeni ya lile andazi, tumbo linachelewa kudai.

Nyumbani ugomvi wetu ni kiini. Mume wangu aliambiwa zamani, presha ilipompanda mara ya kwanza, kwamba kiini cha yai ni adui wa moyo. Tangu hapo alikuwa anakula ule ute mweupe tu, kiini anakisogeza ukingoni mwa sahani. Simlaumu, hofu hiyo ina historia. Mwaka 1968 Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri watu wasizidishe mayai matatu kwa wiki, na kolesteroli ya kwenye chakula isizidi miligramu 300 kwa siku. Kiini kimoja kina kama miligramu 185, kwa hiyo mayai mawili tu yalishavuka mstari. Lakini sehemu kubwa ya kolesteroli iliyomo kwenye damu inatengenezwa na ini letu wenyewe, na kwa watu wengi, ukila nyingi ini nalo linapunguza kutengeneza. Kinachoipandisha zaidi ile kolesteroli mbaya ya kwenye damu ni mafuta yanayoganda: samli, siagi, mafuta ya nyama. Yai zima lina mafuta gramu 5, na ya jamii hiyo hayafiki gramu 2. Mwongozo wa lishe wa Marekani wa mwaka 2015 hadi 2020 uliuondoa ule ukomo wa miligramu 300.

Halafu ukitupa kiini umetupa nusu ya sababu ya kula yai. Vitamini A na D ziko humo, kolini, kirutubisho cha ubongo, iko humo, B12 karibu yote iko humo, na hata protini, gramu 2 na zaidi kati ya zile 6 ziko kwenye kiini. Humo pia mna lutini na zeaxanthini, rangi za njano zinazojikusanya nyuma ya jicho, mahali pale tunapotumia kusomea na kutambua sura za watu. Majani ya kijani nayo yanazo, ila kwenye kiini zimekaa ndani ya mafuta, hivyo mwili unazichukua kwa urahisi. Kwa mtu wa umri wangu anayetazama skrini mpaka saa sita usiku, hilo ni jambo la kushukuru.

Niliyaeleza haya yote mezani na hayakusaidia kitu. Basi nikamwekea Cool Hand Luke ya mwaka 1967. Paul Newman ni mfungwa mkaidi, na gerezani linawekwa dau kama ataweza kula mayai 50 ya kuchemsha kwa saa moja. Anayala. Wenzake wanamkanda tumbo, wanapiga kelele, wanahesabu, na mwisho wanamwacha amelala chali mezani, mikono ameitawanya kama msalaba, tumbo limevimba kama ngoma. Mume wangu akaniuliza, "Mama, huyu amekula ya mwaka mzima?" Nikamfanyia hesabu: protini gramu 300, kolesteroli zaidi ya miligramu 9,000. Nikamwambia huyo ndiye wa kuogopeshwa mayai, na hata yeye wakati ule alihitaji kuogopa tumbo lake kabla ya moyo. Tulizungumza usiku ule kuliko miezi yote ya kubishana. Siku hizi anakula yai zima asubuhi, si kila siku, na daktari wake anajua. Jambo ambalo hajalikubali ni kwamba Luke anakufa. Sisi tulikua tukijua steringi hafi.

Mapenzi haya ya picha nimeyatoa Drive-in ya Msasani, Dar es Salaam, sinema ya uwanjani ya kutazama ukiwa kwenye gari. Ilifunguliwa mwaka 1966, pale ulipo ubalozi wa Marekani sasa. Televisheni huku bara ilikuja mwaka 1994, kwa hiyo utotoni mwangu picha ilikuwa ni safari: unaoga, unavaa, mnapanda nyuma ya pikapu ya jirani, watoto tumebanana kwenye mkeka. Spika inatundikwa kwenye kioo cha mlango. Mama alikuwa amekwisha chemsha mayai tangu mchana, ameyafunga kwenye kipande cha kanga ndani ya kikapu, na pembeni kikaratasi cha chumvi iliyochanganywa na pilipili manga.

Alikuwa na namna yake ya kumenya. Analigonga yai mara moja kwenye bodi ya gari, analibiringisha kati ya viganja mpaka ganda zima linakuwa nyufa tupu, halafu anaanzia kule kwenye kitako chenye hewa, anaingiza ukucha chini ya ile ngozi nyembamba, na ganda linavuka lote kwa mkupuo. Hakununua yai la siku ileile kwa ajili ya kuchemsha. Alisema la leo linang'ang'ania ganda. Nilikuja kuielewa sababu chuoni: yai likikaa siku kadhaa, hewa ya kaboni inatoka taratibu kupitia vitundu vya ganda, tindikali ya ute inapungua, na ute unaacha kushikana na ile ngozi. Yeye alikuwa hajasoma kemia hata siku moja.

Usiku ninaoukumbuka kuliko wote ni wa Mother India, ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957. Nargis hana ng'ombe, analivuta jembe mwenyewe, kamba begani, watoto wana njaa. Mama yangu alikuwa ameshika nusu ya yai mkononi, amesahau kwamba ameishika. Hakulielewa neno hata moja la Kihindi. Alilia mpaka taa za mapumziko zikawaka.

Sasa kuhusu Rocky ya mwaka 1976. Lile tukio la alfajiri linanisisimua kila mara: giza, baridi, chumba duni, Stallone anapasulia mayai matano mabichi kwenye glasi na kuyabugia kabla ya kwenda kukimbia. Ila vijana wangu wa jimu, naomba mnisikilize. Mwili unaichukua karibu asilimia 90 ya protini ya yai lililopikwa. Ya yai bichi unapata kama nusu tu. Ute mbichi una kitu kinaitwa avidini, kinaifunga vitamini ya biotini isifike mwilini, na moto ndio unaokivunja. Na salmonela, bakteria wa kuharisha, inaweza kuwa ndani ya yai lenye ganda safi kabisa. Mpate misuli ya Rocky, lakini mayai chemsheni.

Kuchemsha kwenyewe hakuna siri. Maji yachemke kwanza, tumbukiza mayai polepole na kijiko, dakika 6 au 7 kiini laini, dakika 10 kiini kigumu, kisha kwenye maji baridi papo hapo. Ukilisahau jikoni, kiini kinazungukwa na ile pete ya kijani. Ni madini ya chuma ya kiini yamekutana na salfa ya ute, halidhuru, lakini harufu inaharibika. Ukitilia shaka yai, lizamishe kwenye bakuli la maji kabla ya kupika. Linalolala chini ni la karibuni, linalosimama limekaa, linaloelea ni viza au liko njiani.

Wale wauza mayai wa usiku wanaolipasua yai na kulijaza kachumbari na pilipili wanatufanyia hisani kubwa. Yai halina vitamini C, halina nyuzinyuzi. Nyanya, kitunguu na limau vinaziba pengo hilo kwa bei ya mtaani. Chipsi mayai ni habari nyingine, na mnaonipenda msinikasirikie: mayai mawili yaliyomo humo hayana kosa, kosa ni mafuta yanayotumika tangu asubuhi.

Wajukuu wadogo nawawekea The Gold Rush ya Chaplin, ya mwaka 1925, kwa kuwa haihitaji lugha. Kuna pale ambapo mwenzake, kwa njaa, anamwona Chaplin amegeuka kuku mkubwa na anaanza kumkimbiza. Watoto wanagaagaa chini kwa kicheko. Mimi kila nikiiona nawaza njaa za watoto wetu, maana njaa ya mtoto mara nyingi si ya tumbo tupu. Anashiba uji mtupu na mwili hauendi juu. Huko Ecuador watafiti waliwapa watoto wa miezi 6 hadi 9 yai moja kila siku kwa miezi sita, na matokeo yaliyotoka mwaka 2017 yalionyesha udumavu umepungua kwa karibu nusu. Malawi, karibu na ziwa, walipojaribu jambo hilohilo, urefu wa watoto haukubadilika hivyo, na maelezo mojawapo ni kwamba watoto wa kule tayari walikuwa wanakula samaki kwa wingi. Kwangu hayo mawili hayagombani. Penye dagaa wa kutosha, yai ni nyongeza. Penye uji mtupu, yai ni mkombozi.

Ndiyo maana liliniuma binti yangu alipokuwa mjamzito na shangazi wa mume wake akamkataza mayai, mtoto asije akazaliwa na kipara. Nilimwendea yule mama kwa adabu zote, nikamwamkia, tukala, ndipo nikaongea. Nilimweleza habari ya kolini, inayojenga ubongo na uti wa mgongo wa mtoto: mjamzito anashauriwa kupata kama miligramu 450 kwa siku, na yai moja linampa karibu 150. Hakunipinga. Alisema yeye alikatazwa na mama yake, naye mama yake alikatazwa na bibi yake, na katika miaka yote hiyo wanaume wa nyumba ile ndio waliokula mayai. Akanyamaza kidogo. Wiki iliyofuata alimpelekea binti yangu mayai ya kienyeji ndani ya kikapu chenye pumba.

Wenye kisukari mwongee na daktari wenu kuhusu idadi, kwa sababu kwao baadhi ya tafiti zimeona hatari ya moyo inaongezeka mayai yakizidi. Na mtoto anapoanza kula yai mwangalieni ngozi na pumzi yake, wapo linaowakataa.

Ijumaa hii zamu ni ya The Egg and I, ya mwaka 1947: mke wa mjini, mume amepata wazo la kwenda kufuga kuku kwenye shamba bovu, na kazi zote zinamwangukia mke. Mdogo wangu wa Kibaha, mwenye kuku wa mayai, ameahidi kuja na trei mbili. Anataka kuona kama Wamarekani wale nao walilia bei ya chakula cha kuku. Tunaanza baada ya Isha.