Sahihi ya Ami

Kusi ya mwaka 2019 ilivuma kweli kweli, na mimi nilikuwa nimejifungia chumbani Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, nikitengeneza muziki usio na mdundo wala maneno. Mama aliuita muziki wa friji. Hakukosea sana. Ulikuwa mngurumo mrefu wa kinanda cha kwenye kompyuta, maji niliyoyarekodi usiku chini ya ngazi za Leven House, na juu yake udi wa jirani yetu, mzee ambaye mtaa mzima humwita Ami. Aliupiga siku moja barazani kwetu akisubiri kahawa, bila kupangiwa chochote, kwa kipande cha plastiki alichokikata kwenye chupa ya shampuu. Mimi nilitega maikrofoni tu.

Nilikuwa nikituma vipande vyangu kwa watu wanaochagua muziki wa filamu. Wengi hawajibu. Huyu mmoja wa Berlin akajibu: alikuwa na filamu ya hali halisi kuhusu mabaharia, na kipande chenye udi kilimkaa. Akataka faili za sauti za aina ya WAV, biti 24, kilohezi 48, kila sauti kwenye faili yake ili mhariri aweze kupunguza moja bila kugusa nyingine. Na mkataba.

Kazi yenyewe iko kwenye mkataba. Muziki ukiingia filamuni unahitaji ruhusa mbili, moja ya utunzi na moja ya rekodi. Msanii huru aliyetunga na kurekodi mwenyewe anazo zote mbili, na hapo ndipo tunapozishinda kampuni kubwa: mteja anapata sahihi moja na kuendelea na shughuli zake. (Wenzangu wengi walidhani ukishajiandikisha MCSK, chama cha hakimiliki za muziki cha Kenya, yamekwisha. Wakati ule wao walikuwa wakikusanya mirabaha ya watunzi kwenye redio, mahoteli na kadhalika. Bei ya filamu utajadiliana mwenyewe.) Mkataba ule ulinitaka nithibitishe kwamba hakuna mwingine mwenye haki ndani ya kipande kile, na akitokea wa kudai, gharama ni juu yangu.

Na mwingine alikuwepo, nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Nilimkuta Ami barazani kwake baada ya alasiri. Nilimsomea karatasi kwa Kiswahili, kifungu baada ya kifungu. Nilipofika kwenye pesa, nusu kwa nusu, akapunga mkono niendelee. Nikamaliza.

"Picha yenyewe ni ya nini?"

"Ya mabaharia, Ami."

"Wafanyani?"

Sikuwa na jibu. Mkataba ulisema wanaweza kuutumia muziki popote ndani ya filamu, na kwenye matangazo yake pia.

"Waulize kwanza. Sitii mkono wangu pahali nisipopaona."

Jibu la Berlin lilikuja usiku ule ule: mabaharia wastaafu wamekaa baa Hamburg, wanakunywa, mmoja anasimulia dhoruba. Asubuhi nikampelekea.

"Ulevini!" Ami akanirudishia karatasi. "La, mwanangu. Udi huu nimeupiga kwenye harusi za mji mzima. Siupeleki baa."

Nilitamani kubishana naye, maana bei ilikuwa nzuri na uhariri wa filamu ulikuwa unafungwa wiki ile. Lakini zile nota alizitunga yeye papo hapo, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa mpigaji haki juu ya upigaji wake. Tena katika watu wote waliouona mkataba ule, mimi nikiwemo, ni yeye pekee aliyeuliza jambo la maana.

Nikazima faili ya udi, nikatuma kilichobaki. Mhariri akafurahi kupita kiasi! Kumbe udi ulikuwa ukigombana na sauti ya msimulizi. Mngurumo na maji vikatulia chini ya maneno. Nikatia sahihi peke yangu. Wakaniandika kwenye orodha ya muziki uliotumika, jina na urefu wa kipande, ili filamu ikirushwa kwenye televisheni ijulikane mirabaha ni ya nani.

Kwa maoni yangu walichukua upande usio na chumvi. Bila udi, kipande kile kingeweza kutoka mji wowote wenye bahari, na maktaba za muziki zimejaa vya namna hiyo. Lakini ndicho kilichoninunulia maikrofoni ninayoitumia hadi leo.

Pesa Ami hakutaka. Alikubali halua, na sharti: nikitaka kumrekodi tena, tuandikiane kabla hajagusa uzi. Karatasi hiyo aliiandika mwenyewe kwa hati za Kiarabu. Nusu kwa nusu, pombe hapana, siasa hapana. Kamari aliiongeza pembeni baadaye, baada ya kuisikiliza redio mchana kutwa.