Maji ya kulowekea ngozi, wiki ya sita: utando umelowa

Jumanne asubuhi kipima upitishaji umeme, ambacho husoma juu zaidi chumvi inapozidi majini, kilinionya kabla sijaona lolote kwa macho. Maji safi, ambayo wiki nzima yalikuwa yakisoma maikrosimensi 12 kwa sentimita, yalikuwa yamefika 840, na yaliendelea kupanda nikiwa nimeinama juu ya ndoo. Chumvi ilikuwa imevuka utando, ile karatasi nyembamba ninayoitumia kutenga maji safi na maji ya chumvi.

Maji ya chumvi ninayoyasafisha huyapata kwa fundi wa ngozi, jirani yangu hapa Morogoro, anayepokea ngozi za mbuzi zilizohifadhiwa kwa chumvi na kuziloweka kabla ya kuzisindika. Mloweko wa kwanza huwa na takriban gramu 55 za chumvi kwa lita, ilhali maji ya bahari huwa na 35 hivi, na popote unapomwagwa majani hukauka. Kuyasukuma maji kama hayo kwa osmosisi kinyume, yaani kuyalazimisha yapite kwenye utando yaiache chumvi nyuma, kunahitaji shinikizo ambalo pampu zangu haziwezi kulifikia. Ndiyo maana nilichagua ukenekaji kwa utando, ambamo kinachovuka ni mvuke peke yake. Maji ya chumvi yenye nyuzijoto 60 hupita upande mmoja wa karatasi ya teflon yenye vitundu vya maikromita 0.2, na maji safi ya nyuzijoto 25 hupita upande wa pili. Shinikizo la mvuke ni kilopaskali 20 hivi kwenye joto na 3 tu kwenye baridi, na tofauti hiyo ndiyo inayouvusha. Kipande changu cha sentimita za mraba 100 hutoa mililita 90 kwa saa.

Yote hayo yanategemea vitundu kubaki vikavu. Nilipofungua fremu nilikuta doa upana wa kiganja ambapo karatasi nyeupe ilikuwa imeanza kupitisha mwanga, kama gazeti lililofungia maandazi ya moto. Nilimwendea fundi, naye akaniambia bila kuficha: “Kaka, ngozi za safari hii zilikuwa na mafuta mengi, nikaongeza sabuni.” Sabuni hupunguza mvutano wa uso wa maji, na maji yaliyopungukiwa na mvutano huo huingia kwenye vitundu ambavyo awali yasingeviingia.

Niliusuuza utando, nikauanika siku mbili, lakini baada ya saa tatu za kazi ulivuja tena, kwa kuwa masalia ya sabuni hayatoki kwa kukausha tu. Nimeweka kipande kipya. Sasa maji hutiwa shabu, hutuama usiku kucha, hupita kwenye mchanga, kisha kwenye makaa amilifu ya vifuu vya nazi; nikiyatikisa chupani na povu likakaa, siyapokei.

Leo kipande hicho kimefikisha saa 20 za kazi: lita 3 za maji ya chumvi zimebaki 1.3, kasi imeshuka hadi mililita 80, na kipimo kinasoma 14. Ukoko mweupe umeanza kwenye mdomo wa kuingizia maji. Nadhani ni jasi, kwa kuwa shabu huongeza salfeti. Kesho nitapunguza shabu kwa nusu na kulipima povu upya.