Gunia la Kilo Ngapi?

Jumapili usiku, Ng'ong'ona

Barua yangu ya kumi na tano ya kuomba nafasi ya fildi bado haijaondoka. Iko wazi kwenye kompyuta ya mwenzangu wa geto, na kabla sijaituma nataka niyaandike hapa yaliyonipata tangu Machi. Najijua, zikipita wiki mbili nitaanza kuyasimulia kwa namna ya kujipendezesha.

Niko mwaka wa tatu wa sheria hapa Chuo Kikuu cha Dodoma. Julai tunakwenda fildi, mafunzo ya vitendo kazini. Wenzangu wengi wameshapata: mahakamani, halmashauri, wizarani kule Mtumba. Ukiishi Dodoma hizo ndizo nafasi zilizo mlangoni, na ni nafasi nzuri. Mimi nilishikilia kwenda kwenye ofisi ya mawakili wa biashara, wale wanaoandika mikataba ya mauzo, ya mikopo, ya kununua hisa. Nataka nione mkataba ukiandikwa, kwa sababu miaka mitatu yote nimeisoma mikataba ikiwa imeshavunjika na watu wameshafikishana mahakamani.

Ofisi kubwa za namna hiyo karibu zote ziko Dar: Posta, Oysterbay, Masaki. Sheria ya mwaka 2018 ilitamka rasmi kuwa Dodoma ndiyo makao makuu ya nchi, na Mahakama nayo ilizindua makao yake makuu hapa Aprili 2025. Lakini Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu, iliyoanzishwa mwaka 1999, makao yake ni Dar. Bandari iko huko, na benki zina makao makuu yao huko. Mawakili hufuata wateja. Sina kinyongo na hilo, ila mtu akuambie ukweli kabla hujaanza: ukiomba kutoka Dodoma unaomba na nauli, unaomba na mahali pa kulala.

Nilituma barua kumi na nne. Kumi hazikujibiwa kabisa. Tatu zilijibiwa kuwa nafasi zimejaa, na moja kati ya hizo ilieleza kwa upole kwamba huchukua wanafunzi wawili tu kwa mwaka. Moja iliniita kwenye usaili.

Nikisema nilijiandaa, nilijiandaa kweli. Mwenzangu alikuwa amesoma jinsi wanafunzi wa London wanavyoomba nafasi za likizo kwenye kampuni kubwa za mawakili: wiki moja, mbili, tatu za kufanya kazi ofisini kwa malipo, na humohumo ndimo kampuni huwachagua wale itakaowapa mkataba wa mafunzo wa miaka miwili. Huko huulizwa sana habari za biashara, waonekane kama wanaijua dunia ya wateja wao. Basi nami nikatafuta biashara kubwa. Nikalikariri suala la kuuzwa kwa hisa za Tanga Cement: tangazo la mwaka 2021, Tume ya Ushindani kuidhinisha mwaka 2022, Baraza la Ushindani kuutengua uamuzi huo mwaka huohuo. Nililijua mpaka koma.

Treni ya kwenda Dar daraja la kawaida ni shilingi 31,000. Bumu, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, lilikuwa halijaingia, dada yangu akanitumia. Nililala kwa rafiki yake Kimara, nikaamka na kupiga pasi shati mara mbili.

Wakili aliyenisaili alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za safari. Tukaenda kwa Kiingereza kama robo saa hivi na nikamwaga Tanga Cement yote. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akafunga faili. Halafu akahamia Kiswahili.

"Wewe ni mtu wa Dodoma. Nina mteja mwenye kiwanda cha kukamua mafuta. Msimu huu anataka kununua alizeti kwa wakulima wa Kongwa. Amekaa hapo ulipokaa wewe. Utamuuliza nini kwanza?"

Nikajibu kwa Kiingereza. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko mengine: nimeulizwa kwa lugha yangu, juu ya zao la kwetu, nikakimbilia Kiingereza. Nikaanza na usajili wa kampuni BRELA, nikaingia kwenye ardhi ya uwekezaji endapo mteja si raia, nikamalizia na usuluhishi wa migogoro. Akaniacha nimalize.

"Sawa. Sasa, binti, hiyo alizeti inapimwaje?"

"Kwa gunia, Wakili."

"Gunia la kilo ngapi?"

Nikanyamaza.

"Na likifika kiwandani limelowa, hasara ya nani?"

Nimezaliwa wilaya ya Kongwa. Shangazi yangu ananunua na kuuza alizeti na mahindi Kibaigwa tangu sijaanza shule, na sare yangu ya darasa la kwanza ilitoka kwenye hela hiyo. Nikakaa pale mbele ya yule mama sina hata neno moja. Baada ya siku tisa walinijibu kwamba hawataweza kunichukua, na walikuwa na haki.

Mwishoni mwa Mei nikaenda Kibaigwa. Sikwenda kwa sababu ya barua, nilikwenda kwa sababu sikuwa naweza kukaa geto. Alizeti mpya ilikuwa imeanza kuingia sokoni. Shangazi alinipa stuli chini ya turubai, nikakaa kutwa nzima nikitazama kitu nilichokipita maisha yangu yote.

Kijana mmoja alikuwa anajaza gunia. Lilipofika mdomoni hakulishona. Alizungusha kamba kwenye ukingo, akaifuma juu yake kama wavu, akamimina humo debe zima, akapanda na goti akakandamiza, kisha akakaza kamba. Gunia likaota kichwa. Hiyo ndiyo lumbesa. Kila mtu anaijua, hata mimi naijua, lakini siku ile ndipo nilipoiona kama mwanasheria. Bei iliyotajwa ni ya gunia. Mkulima anasema gunia, dalali anasema gunia, mnunuzi anasema gunia, na kila mmoja ana gunia lake kichwani. Sheria ya Vipimo inakataza, na Wakala wa Vipimo wanapita kukagua.

"Shangazi, si kuna mzani?"

"Mzani upo, mwanangu. Ila mnunuzi akisema hachukui gunia lisilo na kichwa, na gari lake ndilo limebaki peke yake, nitafanyaje? Niubebe mzigo niurudishe nyumbani?"

Kisha akanionyesha daftari lake. Ni daftari la mistari la wanafunzi, jalada limeliwa na panya pembeni. Kila mkulima ana mstari wake: kijiji, idadi, na mbele yake herufi. K maana yake gunia lina kichwa. M maana yake limepimwa kwenye mzani. Wengine wamewekewa duara dogo: mzigo wao ulikutwa na unyevu. Mkulima mmoja wa Mlali alikuwa na magunia kumi na mawili, K, na maneno "nusu bado". Nikamuuliza lile swali la wakili, la gunia lililolowa. Hakufikiri hata kidogo. "Likilowa halijapanda gari ni la mkulima. Likishapanda, tumeshapeana mkono, ni langu."

Huo ni mlango mzima wa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura 214: hatari ya hasara huenda na umiliki wa mali, isipokuwa wahusika wamekubaliana vingine. Niliupata mtihani wa somo hilo kwa alama ya juu. Shangazi ana darasa la saba.

Usiku ule sikupata usingizi mapema. Nikakumbuka mfano tuliofundishwa mwaka wa kwanza. Sheria yetu ya Mikataba ya mwaka 1961 imefuata ile ya India ya mwaka 1872, na ile ya India ina mfano wa mtu aliyekubali kumuuzia mwenzake "tani mia za mafuta". Mafuta gani? Haijulikani, kwa hiyo makubaliano ni batili kwa kutoeleweka. Tuliuimba mfano huo darasani kama shairi. Hata siku moja sikuuliza kwa nini watu wawili wenye akili timamu waache jambo kama hilo bila kulisema. Sasa najua angalau sababu moja: mara nyingine mmoja wao anafaidika lisiposemwa, na mwingine hana gari.

Hapo ndipo nilipouelewa usaili wangu. Kilichonikwamisha hakikuwa Kiingereza, wala alama, wala kutoka Dodoma. Nilikuwa najua masharti ya mkataba bila kumjua mtu anayeuingia, anahitaji nini na anaogopa nini. Wakili wa biashara anayemwandikia yule mwenye kiwanda mkataba akaandika "gunia" tu, amempa mteja wake kesi. Akiandika kilo, na nani anapima, kwa mzani upi, kabla au baada ya kupakia, amewalinda wote wawili, na mkulima wa Mlali atalipwa alizeti yote aliyoitoa. Kazi hiyo naitaka. Naitaka kuliko nilivyoitaka Machi.

Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa mikataba mikubwa bado inaandikwa kwa Kiingereza. Basi barua hii nimeiandika kwanza kwa Kiswahili, bila "husika na kichwa cha habari hapo juu", bila kusifia ofisi kwa maneno ya kwenye tovuti yao. Nimeeleza lile daftari, K na M. Nimeeleza vifungu vitatu ambavyo ningeviweka kwenye mkataba wa kununua alizeti Kibaigwa, na kimoja ambacho sijui nikiandikeje, nikasema sijui. Ndipo nikaigeuza kuwa Kiingereza, na imetoka fupi kuliko zote. Nilimwomba shangazi ruhusa kabla ya kulitaja daftari lake. Akasema niwaandikie, ila nisitaje majina ya wakulima.

Nimerudi. Imeondoka saa nne na dakika kumi, pamoja na barua ya utambulisho ya chuo yenye muhuri. Ni ofisi nyingine, ndogo kuliko ile ya kwanza, iko Upanga. Nimempigia shangazi kumwambia. Hakuniuliza kama watanichukua. Aliniuliza kama huko Dar nimeshapata mahali pa kulala, na kama nyumba ina maji.