Mbuzi ya nazi, jaribio la nne: jana imekuna

Jamani imekuna. Yani jana jioni nazi nzima, inatoka laini, nyeupe, ukiifinya inashikana, na kwenye kifuu imebaki ile ngozi ya kahawia tu. Naandika sa hivi kabla sijasahau nilichofanya, maana yale majaribio matatu ya mwanzo sikuandika kitu na nimejuta.

Kibao sina la kusema sana. Mninga, mabaki niliyopata Keko kwa bei chee, ni ule wa kukunja, miguu inapishana kama mkasi. Nimechukua mninga kwa sababu ukishakauka haukusumbui, kile kigoda changu cha paini ya Sao Hill nilikiunga mbao ikiwa bado na maji na masika ilipoingia kikapinda hadi leo ukikikalia unabembea. Siku mbili kibao kikawa tayari.

Shida ilikuwa meno. MENO.

Jaribio la kwanza nilitumia kipande cha springi ya Hiace kutoka Gerezani, nikakichoma kwenye mkaa nikakiacha kipoe kwenye majivu usiku kucha ili tupa iingie, nikachonga meno, nikachoma tena mpaka sumaku ikaacha kushika, halafu nikakitumbukiza kwenye maji. Kikalia "ti!" Ufa toka jino hadi katikati. Chuma cha springi ni cha kuzimia kwenye oili na nilikuwa najua kabisa, uvivu tu wa kutembea hadi gereji kuomba oili chafu. La pili nikatumia oili, kikatoka kigumu hadi tupa inateleza, nikachekelea nikakifunga hivyohivyo bila kukirudishia moto kidogo. Nazi ya kwanza tu meno mawili yakaondoka na tukaanza kuyatafuta kwenye bakuli kwa tochi ya simu, wali wa nazi siku ile tuliusamehe. La tatu nikakirudishia moto kwenye karai la mchanga juu ya jiko, taratibu, mpaka chuma kikashika rangi ya majani makavu. Safi, hakivunjiki hata ukikipiga.

Ila nazi inatoka mabonge mabonge. Tui maji matupu.

Hapo nimekaa wiki mbili. Mi nikajua tatizo ni ukali, kwa hiyo kila nikitoka kazini nanoa, nikichoka na tupa nachukua grenda ya jirani, na hapa niseme ukweli, grenda kwa kazi ndogo kama hii ni adui. Sekunde tatu ncha ya jino imeshakuwa ya bluu, ule ugumu wote ulioutafuta umeuchoma mwenyewe. Tupa ya pembe tatu, nzuri, ile isiyo ya bei ya kutupwa, ndo kila kitu. Yangu nimeitilia mpini wa mpingo, kipande alichonipa mchongaji mmoja pale Mwenge, mti huohuo unaosafirishwa Ulaya kutengenezewa klarineti na mi nimeshikia tupa, sijui ni dharau au heshima.

Basi wiki iliyopita akaja shangazi kutoka Bagamoyo. Akakuta nimekaa na kile kibao nimenuna. Akapitisha kidole gumba kwenye meno mara moja tu, akacheka.

"Baba, haya yanang'ata. Hayakuni."

"Sasa shangazi, niyafupishe kiasi gani?"

"We yafupishe."

Kiasi gani hakuna. Akakaa akachukua kifuu akaanza kunionyesha, na hapo ndo nikaona kitu ambacho video zote nilizoangalia hazikunionyesha, kwamba hasukumi. Kifuu kinazunguka kwenye kiganja, mkono unashuka kidogo, meno yanapita juujuu tu. Ya kwangu nilichonga kama ya msumeno, marefu karibu milimita 5, yanazama kwenye nyama ya nazi halafu yanang'oa. Hata ningenoa mpaka krismasi.

Kwa hiyo jaribio la nne ni chuma kipya kabisa. Meno kama punje ya mchele, milimita 2 hivi, yamebanana, ncha ya ulimi, yaani kile chuma chenye meno, mviringo wa kufuata kifuu, nikaikunja juu kidogo kabla ya kuuzima, na nimenoa upande wa chini tu. Oili, mchanga, rangi ya majani makavu. Basi.

Jamaa mmoja ofisini ananicheka toka mwanzo, eti hiyo si unaipata Kariakoo, au unampelekea nazi mwenye mashine pale sokoni anakukunia dakika moja, au ununue tui la boksi uishi maisha yako. Yote kweli na sikuwa na jibu. Lakini sa hivi nikipita zinapouzwa nasimama, nageuza ulimi, naangalia meno, na nyingi ziko sawa kabisa, yani kuna mtu mahali kajikalia chini ya mti anachonga kitu kilichonitoa jasho wiki tano, bila rula, halafu tunamwambia punguza. Juzi nilishindwa kuuliza hata bei, muuzaji akaniona mwehu.

Nilipanga wiki hii nipake vanishi na nichonge kanyota pale mbele ya kiti. Vanishi ipo chini ya kitanda haijafunguliwa. Shangazi anataka ya kwake aondoke nayo Jumapili, na springi iliyobaki haifiki hata kidole, kwa hiyo kesho nikitoka kazini ni Gerezani tena.