Siku moja maishani mwangu: mkalimani katika nchi ya Dire, Borana

Kazi yangu ni ukalimani na kukusanya takwimu za mifugo na maji huko Mega, kusini mwa Ethiopia, kilomita mia hivi kutoka mpaka wa Moyale. Kwetu ni Marsabit, upande wa Kenya. Mama yangu ni Mborana, wa jamii ya Waoromo wafugaji walio pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo lugha nilinyonya nayo. Jamaa zangu wa Nairobi huniuliza kila nikipiga simu, "Sasa huko Ethiopia unaishi na nani?" Naishi na watu wetu. Nimeandika siku moja ya kazi ya mwezi wa Februari, kiangazi kikiwa kimekaza, kwa sababu majira ya mvua maji yako kila mahali na huwezi kujua nani ni nani. Ni kiangazi ndicho kinachoonyesha nchi hii imepangwa vipi.

Saa kumi na moja alfajiri

Mega ni mji wa mlimani na asubuhi ni baridi kweli. Anayedhani kusini mwa Ethiopia kote ni jangwa aje alale hapa bila blanketi la pili. Juu ya mji, kwenye miteremko, imebaki mitarakwa ya msitu wa zamani.

Mwenye nyumba wangu, mama mtu mzima ninayemwita Akko kama wajukuu wake wanavyomwita, amekwisha kuamka. Salamu hapa haziharakishwi. Ananiuliza amani yangu, amani ya usiku, amani ya mama yangu, amani ya ng'ombe wa nyumbani (hatuna ng'ombe siku hizi, lakini hilo halimzuii kuuliza), nami namrudishia zote. Kisha ananimiminia maziwa kutoka kwenye ciicoo, chombo kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi na kufukizwa moshi ndani. Moshi ule unayapa maziwa ladha ambayo watu wa Marsabit wanaijua.

Jambo lililonirahisishia maisha tangu nihamie ni saa. Waethiopia huhesabu saa kama sisi: jua likitoka ni saa kumi na mbili, na saa moja ni saa moja. Kalenda ndiyo inayohitaji uangalifu. Mwaka wao una miezi 13 na uko nyuma ya ule wa kwetu kwa miaka 7 au 8, kwa hiyo kila fomu ninayojaza naandika tarehe mbili.

Saa moja asubuhi

Napanda gari dogo la abiria kwenda Dubluk, kaskazini, kwenye barabara kuu itokayo Moyale kwenda Addis Ababa. Magari huku hupita kulia. Malori yanapishana nasi, na baadhi ya madereva wanazungumza Kiswahili kwa sababu ya safari za Isiolo na Nairobi. Tangu lami ya Isiolo hadi Moyale ikamilike, na kituo cha pamoja cha mpakani pale Moyale kifunguliwe mwishoni mwa 2020, nasikia Kiswahili zaidi kwenye mikahawa ya barabarani.

Mega yenyewe ilijulikana duniani kwa muda mfupi Februari 1941, askari wa Afrika Kusini walipouteka mji huu kutoka kwa Waitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wapenda ndege wanaujua kwa sababu nyingine: kuna mbayuwayu mwenye mkia mweupe ambaye jina lake la kisayansi, Hirundo megaensis, limetoka hapa. Alielezwa mwaka 1942, na hapatikani nje ya sehemu hii ya kusini mwa Ethiopia, zaidi ya kuonekana kwa nadra. Yuko pia kunguru wa vichakani, wa kijivu, mwenye ngozi ya buluu kuzunguka jicho, anayeishi kati ya Yabelo, Mega na Arero tu. Wataalamu wameona kwamba eneo lake linalingana na sehemu zenye ubaridi kuliko nchi inayozizunguka. Hali ya joto ikizidi kupanda, hana pa kwenda. Leo nimewaona wanne wakidonoa kwenye mbolea ya ng'ombe kando ya barabara, karibu na vichuguu vyekundu vya mchwa vinavyosimama virefu kuliko mtu.

Saa mbili unusu

Ofisini Dubluk. Napitisha barua zangu, napata mhuri.

Niwaeleze wasomaji kidogo. Ethiopia imegawanyika katika majimbo ya shirikisho. Oromia ni mojawapo. Chini ya jimbo kuna kanda, na yetu ni Borana, makao yake makuu Yabelo. Chini ya kanda ndipo kuna woreda, ambayo Waoromo huiita aanaa, na ni sawa na wilaya. Chini yake ni kebele, ngazi ya kijiji au mtaa. Dire ilikuwa wilaya kubwa kutoka karibu na Yabelo hadi mpaka wa Kenya. Ikakatwa: Miyo ikajitenga, Dillo ikajitenga, na sasa Dubluk nayo ina ofisi zake. Ndiyo maana wazee wakisema Dire hawamaanishi mipaka ya ofisi. Wanamaanisha nchi ya visima na malisho ambayo walikuwa nayo kabla ya ofisi.

Saa tatu hadi saa sita

Hapa ndipo kazi yangu ilipo.

Dubluk ni mojawapo ya vituo vya visima vya kale vinavyoitwa tula. Borana huvitaja kama tula tisa, na kila tula ni kundi la visima kadhaa. Kutoka juu huoni kisima. Unaona njia pana iliyochimbwa ikiteremka ardhini, kuta za udongo pande zote mbili, na ng'ombe wakishuka kwa safu hadi kwenye birika la udongo, mita kadhaa chini ya usawa wa ardhi. Nyuma ya birika ndipo shimo lenyewe linapoanza. Baadhi ya visima vinafika kina cha mita 30.

Ndani ya shimo vijana wanasimama juu ya ngazi za miti, mmoja juu ya mwingine, hadi kwenye maji. Ndoo inapanda mkono kwa mkono, tupu inashuka kwa upande wa pili. Zamani zilikuwa za ngozi ya twiga. Leo wanatumia madumu ya plastiki yaliyokatwa mdomo. Wanaimba, na wimbo ndio unaowaweka pamoja: ukikosa pigo, ndoo inakupiga usoni au inamwangukia aliye chini. Maneno ya nyimbo huwataja ng'ombe, rangi zao, pembe zao, wingi wa maziwa yao. Niliposimama ukingoni leo, kijana aliye juu kabisa alikuwa na matope hadi kwenye nyusi, akimwaga maji birikani bila kuangalia, macho yake yako kwa ndoo inayofuata.

Nilikuwa nimekuja kumhoji abba herega. Kila kisima kina abba konfi, mzee wa ukoo wa yule aliyekichimba au kukifukua, lakini zamu ya maji iko mikononi mwa abba herega. Yeye ndiye anayejua ng'ombe wa nani wanakunywa leo na wa nani watakuja kesho. Kiangazi kama hiki ng'ombe hunywa kila siku ya tatu, na kati ya siku hizo wanakwenda kuchunga mbali. Hakuna daftari. Zamu nzima iko kichwani mwake, na mtu haruhusiwi kununua nafasi.

Mgeni ninayemkalimania, mtafiti kutoka Addis Ababa, alimuuliza kama anayekosa kulipa hukatazwa maji. Mzee akashangaa. Nikatafsiri tena nikidhani nimekosea. Akajibu taratibu, "Maji hayauzwi, mwanangu. Anayetaka kunywa asaidie kufukua na kuteka." Haki ya kunywa inapatikana kwa ukoo, kwa kushiriki kazi ya kisima, na kwa kuomba kwa adabu. Aliye taabani hakatazwi, ila atapangwa nyuma.

Wanaokunywa sio Borana peke yao. Wagabra huja na ngamia wao. Kwa upande wa Moyale kuna Wagarri, kaskazini Waguji, na mijini utawakuta Waburji na Wakonso katika biashara na mashamba. Kuna nyakati watu hawa wamepigana, na sitaki kuficha hilo. Mara nyingi chanzo huwa mpaka wa utawala uliochorwa juu ya malisho ya pamoja. Lakini kisimani, siku ya kawaida, mazungumzo ni ya zamu tu.

Saa saba mchana

Abba olla, mkuu wa kijiji cha karibu, alituita kwake. Nyumba hapa hujengwa na wanawake na ni zao. Mama wa nyumba akaleta buna qalaa: kahawa mbichi pamoja na maganda yake, ikakaangwa kwenye samli hadi ikapasuka, kisha ikatiwa maziwa. Unatafuna punje, unakunywa yale maziwa yenye mafuta, na yale yanayobaki mkononi unajipaka. Kabla ya hapo mzee aliomba dua: mvua inyeshe, ng'ombe wazae, nchi iwe na amani, na wote tukaitikia.

Ukarimu huu uliniuma kidogo, kwa sababu najua zizi lake lina nini. Mvua za misimu mitano mfululizo zilikosekana kuanzia mwishoni mwa 2020. Katika Pembe ya Afrika mifugo kwa mamilioni ilikufa, na Borana waliumia kuliko wengi. Familia nyingi zilihamia kambini hapa Dubluk zikisubiri mgao. Mtu aliyekuwa na ng'ombe mia akabaki na wachache.

Kinachowainua taratibu ni busaa gonofaa, utaratibu wa koo kumchangia aliyefilisika. Huyu anatoa mtamba, yule mbuzi, na wazee ndio wanaoamua nani apewe. Pia kuna bima ya mifugo, iliyoanza Marsabit mwaka 2010 na kufika Borana 2012. Setilaiti hupima ukijani wa malisho, na ukishuka chini ya kiwango walionunua hulipwa. Naiunga mkono. Ila nimeona kwamba mchango wa ukoo humfikia hata asiyekuwa na kitu cha kununulia bima.

Saa tisa alasiri

Tukachukua pikipiki hadi El Sod, mashariki ya barabara kuu. Kijiji kiko juu ya ukingo wa volkeno iliyokufa, na kutoka mlangoni unatazama chini mita mia kadhaa hadi kwenye ziwa jeusi la chumvi. Njia ya kushuka ni ya punda. Wanapanda wakiwa na magunia ya matope mazito, wakihema, nawe unapaswa kubana ukutani wapite.

Wachimbaji huingia majini na fimbo na chombo cha kuchotea. Masikio na pua huzibwa kabla ya kuzama. Hupapasa sakafuni na kuibuka na tope jeusi, ambalo ni chumvi ya mifugo. Fuwele nyeupe ndizo za jikoni. Nilimshika mkono mmoja wao tulipoagana: ngozi imekauka na kupasuka kwenye vifundo vyote vya vidole. Aliniambia macho ndiyo yanayoumia zaidi. Hana miwani ya kuzamia. Chumvi hiyo inafika masoko ya Borana yote hadi Kenya, na ng'ombe wa Dubluk niliowaona asubuhi hawawezi kuishi vizuri bila hiyo. Kwa kazi hii ningependa mchimbaji alipwe zaidi ya anavyolipwa, na sioni kwa nini mashirika yanayopita hapa kila mara hayajaleta hata miwani.

Saa kumi na mbili jioni

Nimerudi Mega. Kwenye mkahawa, dereva mmoja wa Kenya aliniita, "Ndugu, njoo tupate chai," tukabishana juu ya mpaka. Yeye alidhani Waborana wa Kenya ni wahamiaji kutoka Ethiopia. Nikamweleza kuwa mkataba wa Desemba 1907 kati ya Uingereza na Menelik, mfalme wa Ethiopia, ndio uliopitisha mstari katikati ya watu ambao tayari walikuwa hapa. Walioandika walijua hivyo, maana waliweka kifungu kinachowapa watu wa pande zote mbili haki ya kuchunga ng'ambo kama zamani na kufika visimani kwa uhuru. Pia mamlaka ya Gada, mfumo wa jadi wa uongozi wa Waoromo, haikukatika mpakani. Mfumo huo, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2016, hubadilisha kiongozi kila miaka minane. Machi 2025 Kura Jarso alipomkabidhi Guyo Boru uongozi pale Badhasa, wilaya ya Arero, kutoka Marsabit, Moyale na Isiolo walikwenda watu wengi sana.

Saa mbili usiku

Naandika ripoti. Kuna mradi unaopendekeza kisima kirefu cha mashine kwenye malisho ya majira ya mvua, magharibi. Nia ni njema. Lakini malisho yale yamesalia kwa sababu hayana maji ya kudumu: kiangazi kikifika, mifugo inalazimika kuondoka na nyasi zinapumzika. Maji yakiwapo mwaka mzima, watu watatulia pale, na baada ya miaka michache itabaki miiba. Hayo alinieleza abba herega leo bila kuulizwa, na wazee wengine wamenieleza hivyo hivyo.

Nimeweka maneno yake kwenye ukurasa wa kwanza badala ya kwenye viambatisho, nikapendekeza wahandisi wasipime chochote mpaka wakae na wasimamizi wa zamu wa tula zote zinazopeleka ng'ombe huko. Mkutano na ofisi ya maji ni Jumanne, saa tatu asubuhi, Yabelo. Nimempigia mzee simu. Amekubali kuja, mradi arudi kabla ya zamu ya siku ya tatu.