Vinyama vya mamangu na bakteria wa tumboni

Mamangu ametolewa vinyama vilivyoota ndani ya utumbo mpana (polipu) wiki hii. Alhamdulillahi yuko nyumbani Majengo, anakunywa uji. Lile jagi la dawa ya kusafisha tumbo, chumvi tupu, alilimaliza usiku mzima huku akivuta uradi.

Kabla ya kipimo cha kamera ya utumbo daktari aliuliza kama amewahi kupatikana na H. pylori, bakteria wa tumboni. Ndiyo, zamani. Miaka na miaka ya vidonda vya tumbo, kiungulia kila akila mbaazi za nazi, na dawa za kutuliza tu. Nikauliza, bakteria wa tumboni na vinyama vya huko chini wapi na wapi? Akanichorea nyuma ya risiti. Tafiti kadhaa zimeona wenye bakteria huyu hukutwa na vinyama aina ya adenoma, vile vinavyoweza kugeuka saratani, zaidi kuliko wasio naye. Huenda ni homoni ya gastrini, inayopanda tumbo likiwa na uvimbe wa muda mrefu na kuchochea seli kukua. Ila haijathibitishwa kuwa ndiye chanzo. Umri, sigara, unene na ukoo vimo pia. Kwa saratani ya tumbo lenyewe hakuna ubishi, WHO walishamtaja kuwa kisababishi tangu 1994.

Tiba ni antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14, kisha upimwe tena baada ya wiki 4 au zaidi. Hicho kipimo cha pili ndicho wengi hatukirudii, na inaniuma.

Jumamosi mimi na dadangu tunapeleka choo maabara, maana huambukizana majumbani, hasa utotoni. Nanyi wenye mzazi aliyetolewa vinyama, mwambieni daktari wenu.